Lemera: Betri za okazio, na jenereta ndani ya jikoni

Leo sileti habari ya barabara, ya soko wala ya mkutano wa cheferi. Leo habari ni ya nyumba yangu mwenyewe. Nimeichelewesha miezi mingi kwa sababu ya haya, maana mtu ambaye kazi yake ni kuuliza wengine maswali hapendi kusimulia namna alivyokosea kwake. Lakini tangu mvua zimerudi, usiku nasikia jenereta za majirani zikilia, na sauti haitoki nje, inatoka ndani ya nyumba. Nimeona kunyamaza ni vibaya zaidi kuliko haya.

Nianze na Aprili 2020. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Maji yalibeba nyumba, watu walikufa, maelfu ya familia walibaki nje. Mimi nilikuwa hapa Lemera, juu kwenye milima, na simu yangu ilikuwa imezimika tangu jioni. Hiyo habari niliipata mchana, kutoka kwa dereva wa pikipiki aliyepanda kutoka bondeni. Mwandishi wa redio anaambiwa habari na dereva wa pikipiki! Nilipopata mahali pa kuchaji simu, nikaona wakubwa wangu wa Uvira walikuwa wamenitafuta mara kumi na moja. Hawakunifukuza, lakini siku ile niliapa kwamba nyumba yangu haitakosa moto wa umeme tena.

Lemera inajulikana mbali. Wageni wanakuja kuuliza juu ya makubaliano ya AFDL ya tarehe 23 Oktoba 1996, au juu ya hospitali, ambayo ilishambuliwa mwezi huohuo wa Oktoba, na ambako Daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla ya Panzi. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza usiku tunaona namna gani. Chini yetu, bondeni, unapita mto Ruzizi, ambao maji yake yanatoka ziwa Kivu na kwenda Tanganyika. Kabla ya kufika kwetu, maji hayo yamekwisha kuzungusha mashini za Ruzizi ya kwanza, ile ya wakati wa Wabelgiji, na za Ruzizi ya pili, iliyoanza 1989 na ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake. Maji tunayaona. Waya haujafika mlangoni kwangu.

Basi nilichanga pesa mwaka mzima. Nikashuka Uvira, nikanunua pano ya sola ya wati 150, regilatere, konvertiseri ya wati 1000, na betri mbili za okazio. Muuzaji aliniambia zimetoka kwenye minara ya simu, kwamba ni betri za wazungu, zimefungwa, haziombi maji. Kila moja ilikuwa imeandikwa 12 V 100 Ah. Alizigusa kwa testeri mbele yangu: 12,9 moja, 12,8 nyingine. Nilifurahi. Sikujua kwamba betri iliyotolewa kwenye chaja sasa hivi inaonyesha namba nzuri hata kama ni mgonjwa, kama mtu aliyepakwa mafuta usoni. Inatakiwa ilale bila kufungwa na kitu, saa nyingi, vizuri zaidi usiku mzima, ndipo uipime.

Zilipanda kwa gari mpaka bondeni, kisha kwa pikipiki, moja moja, maana kila moja ina karibu kilo 30. Miezi michache baadaye nikaongeza jenereta ndogo, ile ya moteri ya mafuta ya kuchanganya, ambayo kila mtu hapa anaijua kwa kelele yake. Nikaongeza na chaja ya betri. Nikajiona mkubwa. Majirani walileta simu kuchaji, mama alikuwa anapokea pesa za franka kwenye kikopo cha maziwa, na mimi nilikuwa natuma sauti Uvira kila asubuhi.

Kwa majuma mawili ya kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Kisha konvertiseri ikaanza kulia. Saa mbili ya usiku, piiiii, halafu giza. Jioni regilatere ilikuwa inaonyesha 12,9, lakini jua likishazama namba inaanguka kama jiwe, na asubuhi nakuta 11 na kitu.

Nilifanya yale ambayo kila mtu anafanya. Nilipanda juu ya nyumba nikaosha pano. Hakuna kilichobadilika. Nikasema ni regilatere, nikanunua nyingine Uvira, pesa ikaliwa bure. Nikasema ni konvertiseri, nikaomba ya rafiki, nayo ikalia vilevile. Nikamlaumu mama kwamba anapokea simu nyingi mno. Mama alinijibu kwa Kifuliiru maneno ambayo sitayaandika hapa. Kitu kimoja tu sikukigusa: betri. Ndiyo niliyoilipia pesa nyingi zaidi, na nadhani moyo wangu haukutaka iwe ni yenyewe.

Na dalili zilikuwa wazi, leo naziona. Betri moja, ile ya kushoto, ilikuwa na joto kuliko mwenzake, hata asubuhi. Ubavu wake ulikuwa umeanza kuvimba kidogo. Na katika chumba kulikuwa na harufu ya yai bovu. Nilihamisha kitanda na masanduku kutafuta panya aliyekufa. Panya hakuwepo.

Badala ya kutafuta ugonjwa, nilitafuta dawa: nikawasha jenereta. Mwanzo saa moja jioni. Kisha saa mbili. Chaja ina taa nyekundu wakati inajaza, na kijani wakati betri imejaa. Nilikuwa nangoja kijani. Kijani hakikuja. Kila juma nilikuwa naongeza muda, nanunua esansi kwa chupa kwa vijana wa Kadhafi, na pesa ya simu za majirani yote ikaishia humo. Mtu mwenye akili angejiuliza maji yanakwenda wapi ikiwa mtungi haujai. Mimi niliendelea kumimina.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Novemba. Nilikuwa na mahojiano ya akina mama wa soko, ambayo ilitakiwa yafike Uvira kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja na nusu jenereta ilikuwa nje, chini ya bati. Saa mbili mvua ikaja, mvua ya kwetu ya milimani, yenye upepo, inayoingia pembeni. Tulibeba jenereta, mimi na mdogo wangu, tukaiweka jikoni. Jiko letu ni kanyumba ka matofali nyuma ya nyumba, mlango mmoja, dirisha moja dogo. Mlango tukaurudisha, tukauacha wazi kidogo, kama kipimo cha mkono. Ilikuwa kwa ajili ya mvua, na pia kwa ajili ya wezi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 17. Akasema, "Yaya, wewe fanya kazi, mimi nitailinda." Akachukua mkeka.

Nilikaa na kompyuta. Karibu saa nne nikasikia jenereta inabadilisha sauti, inapanda na kushuka, kama mtu anayekohoa. Nikasema ni esansi ya Kadhafi, ina maji. Sikuinuka. Baadaye ikanyamaza kabisa. Nikasema esansi imekwisha, afadhali, mtoto atalala vizuri.

Aliyeinuka ni mama. Alisema hawezi kulala wakati mtoto yuko kwenye baridi, niende nimwite aingie ndani. Nilikwenda nikilalamika. Nilipofungua mlango nilipigwa na moshi na joto. Mdogo wangu alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukuta, ametapika juu ya mkeka. Nikamwita. Alinijibu, lakini kama mlevi, maneno hayakuwa na mwisho. Nikamwambia simama. Miguu ilikataa. Mimi mwenyewe, kwa dakika ile moja tu, kichwa kilianza kunigonga.

Nilimvuta nje, kwenye mvua, kwenye matope. Mama alipiga kelele, jirani akaja na pikipiki yake. Tulimweka katikati, mimi nyuma nikimshika kifua, na tukaenda hospitalini. Muuguzi aliyetupokea hakuuliza maneno mengi. Aliuliza, "Alilala wapi?" Nikasema, "Jikoni." Akauliza, "Kulikuwa na makaa ao jenereta?" Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema ndiyo. Walimpa oksijeni usiku kucha. Asubuhi alinitambua, akaomba chai. Kichwa kilimuuma kwa majuma.

Muuguzi alinieleza, na baadaye nilisoma zaidi. Hewa inayoua hapo haina rangi wala harufu. Inaitwa monoksidi ya kaboni. Harufu ya moshi ni ya vitu vingine vinavyotoka nayo, na hata moshi usipouona, yenyewe ipo. Ikiingia kwenye mapafu inashikamana na damu kwa nguvu mara mia mbili na zaidi kuliko hewa nzuri, ndiyo maana mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Sisi hapa kwetu mtu akiwa na hayo tunasema malaria, tunampa dawa, tunamwambia alale. Na akilala mulemule ndani, haamki. Dirisha dogo haliponyi, mlango uliofunguliwa nusu hauponyi. Wetu ulikuwa wazi.

Hata ile sauti ya kukohoa ya jenereta nimeielewa sasa. Huenda haikuwa maji ndani ya esansi. Katika chumba kile jenereta nayo ilikuwa imeanza kukosa hewa nzuri. Ilizimika yenyewe, na pengine hiyo ndiyo iliyomwokoa mdogo wangu kabla ya mama.

Siku ya tatu alikuja fundi. Ni mzee ambaye zamani alikuwa mekanisie wa malori, na leo anatengeneza kila kitu kuanzia redio mpaka mashini za kusaga. Mimi nilitaka aangalie jenereta. Hakuiangalia. Aliuliza, "Hii jenereta mulikuwa munaiwasha kwa nini?"

"Kwa kujaza betri, mzee."

"Na betri inajaa?"

"Hapana."

"Basi mgonjwa si jenereta."

Akazitenganisha betri zile mbili. Zilikuwa zimefungwa pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ili ziwe kama betri moja kubwa. Akasema tusiziguse mpaka kesho. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka jibu palepale, akanikatalia. Asubuhi alikuja na testeri yake iliyofungwa kwa mpira wa pikipiki. Betri ya kulia: 12,6. Ya kushoto: 10,5.

"Unaona?" akasema. "Ndani ya betri kuna vyumba sita. Kila chumba volti mbili na kitu kidogo. Hii ilipoteza chumba kimoja. Imebaki na tano."

Hapo ndipo kila kitu kilijipanga kichwani mwangu. Chumba kimoja kilikuwa kimejifunga chenyewe ndani, kwa hiyo betri ile haiwezi kamwe kufika 12,6, hata ukiichaji mwaka mzima. Na kwa sababu ilikuwa imefungwa pamoja na mwenzake mzima, usiku ule mzima ulikuwa unaimiminia umeme wake. Mgonjwa alikuwa anamnyonya mzima. Joto lilitoka hapo, kuvimba kulitoka hapo, na harufu ya yai bovu ilikuwa gesi ya betri inayochemka. Na chaja ilikuwa inangoja volti 14 na zaidi ili iwashe kijani, volti ambazo zisingekuja. Jenereta yangu ilikuwa inachoma esansi kwa kupasha moto kisanduku cha risasi.

Fundi hakuishia hapo. Alisema betri nzuri nayo ni ya okazio, lazima tujue imebaki na nguvu kiasi gani, maana namba iliyoandikwa ubavuni ni ya siku ilipozaliwa. Alileta balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, akaifunga kwenye betri ikiwa imejaa, tukaiacha inawaka saa nane. Kisha akaizima, tukangoja tena. Testeri ikaonyesha 12,2. Kwa betri ya namna hii, 12,2 baada ya kupumzika ni kama nusu. Balbu ile inakula ampea nne na nusu hivi, mara saa nane ni 36. Ikiwa 36 ni nusu, basi zima ni 72 hivi. Imebaki na robo tatu hivi ya ujana wake. Kwa okazio, si mbaya.

Jioni ile nilichukua daftari, nikaandika vitu vyangu vyote. Kompyuta wati 50 kwa saa tatu, 150. Balbu tatu ndogo za wati 5 kwa saa tano, 75. Simu kumi za majirani na zangu, karibu 100 ukihesabu hasara ya konvertiseri. Jumla 325. Betri moja ya 72, mara volti 12, ni 864, na nusu yake, ambayo unaruhusiwa kutumia bila kuiua betri haraka, ni 432. Nilisoma mara mbili. Betri moja nzuri ilikuwa inanitosha, na pano ya wati 150 kwenye siku ya jua inarudisha hiyo na kubaki. Betri mbili nilizojivunia zilikuwa zinanipa kidogo kuliko moja. Na jenereta siku ile ya Novemba haikuwa na kazi yoyote ya kufanya jikoni kwangu.

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Mama aliuliza kama kuna mtu amekufa.

Kulikuwa na kosa la pili pia, na hili ni langu mia kwa mia, muuzaji hayumo. Kutoka kwenye betri mpaka konvertiseri nilikuwa nimetumia waya wa kawaida wa kufungia balbu ya nyumba, mwembamba, mita tano kwenda na mita tano kurudi, kwa sababu sikutaka konvertiseri ikae chumba kimoja na betri. Fundi aliwasha vitu vyote, akapima kwenye betri: 12,3. Akapima kwenye mdomo wa konvertiseri: 11,1. Volti moja na zaidi ilikuwa inapotea njiani. Konvertiseri inalia ikiona 11, yenyewe haijui kwamba betri bado ina nguvu, inajua kile kinachofika kwake. Kwenye umeme wa 220 waya mwembamba kwa vitu vidogo unasamehe. Kwenye volti 12 hausamehi, kwa sababu kwa kazi ileile unapitisha ampea karibu mara kumi na nane zaidi. Tulisogeza konvertiseri karibu, nusu mita, tukatumia waya mnene wa gari, tukakwangua vichwa vya betri vilivyokuwa na unga mweupe, tukakaza na ufunguo si kwa vidole. Na akaweka fyuzi karibu na betri, akasema bila hiyo siku waya zikigusana nyumba itaungua kabla hujafungua macho.

Jenereta aliiangalia mwisho kabisa. Buji ilikuwa nyeusi na imelowa mafuta. Sababu moja ni mimi: kwa kuogopa moteri isiungue nilikuwa naongeza mafuta mengi kwenye esansi, karibu mara mbili ya yale yanayotakiwa, ambayo kwa hii mashini ni lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esansi, yaani vijiko viwili vya chakula, si vya kujaa sana, kwa chupa ya lita moja na nusu. Sababu ya pili sikuiwaza kamwe. Jenereta ilirekebishwa Uvira, kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari. Sisi tuko juu zaidi, mamia ya mita, na huku hewa ni nyepesi. Esansi inaingia ileile, hewa inaingia kidogo, basi inaungua vibaya, inatoa moshi, nguvu inapungua. Na moteri inayoungua vibaya inatoa ile hewa ya sumu kwa wingi zaidi. Fundi alifungua karbireta, akaisafisha, akaondoa uchafu kwenye chujio la hewa, akapunguza esansi kidogo. Sauti yake ikawa nyingine.

Nilirudi Uvira kwa muuzaji na betri mbovu? Sikuibeba, kilo 30 ni kilo 30, lakini nilikwenda na picha za testeri. Aliniangalia kwa huruma. "Ndugu mwandishi, okazio haina garanti." Sikugombana. Nilimuuliza tu kama zile nyingine zilizobaki dukani amezilaza usiku mmoja kabla ya kuzipima. Alicheka. Wewe unayekwenda kununua, mwambie akuwekee pembeni mpaka kesho, ulipe asubuhi. Akikataa, una jibu lako.

Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaokaa ndani ya magari makubwa yenye kitanda na jiko, nyumba ya magurudumu, na kwamba mengi ya hayo magari yana betri mbili za aina mbili: moja ya kuwasha moteri, nyingine ya nyumba. Hawazichanganyi. Ya moteri inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ya nyumba inatoa kidogo kidogo usiku kucha, na ukiilazimisha ya gari kufanya kazi ya nyumba inakufa mapema. Hapa kwetu tunachukua yoyote tunayoipata, na mara nyingi ni ya gari. Lakini kilichonigusa si hicho. Nilisoma kwamba nao wanakufa usingizini kwa moshi wa jenereta, na kwamba Marekani kila baada ya kimbunga kikubwa, umeme ukikatika, familia zinakutwa zimelala moja kwa moja na jenereta ndani ya garaji. Watu wenye pesa, wenye shule, wenye maandishi ya onyo kwenye kila mashini. Nilikuwa nadhani ni ujinga wa mlimani, wa mtu kama mimi.

Betri mbovu iko nyuma ya nyumba, juu ya ubao, nimeifunika na beseni lililopasuka. Kijana mmoja alikuja mara mbili kutaka kuinunua aivunje, ayeyushe risasi atengeneze vizito vya nyavu za wavuvi. Nimemkatalia. Risasi ile na asidi ile zikimwagika pale ndipo watoto wa jirani wanapocheza, na moshi wa kuyeyusha risasi nao ni sumu. Lakini mahali pa kuipeleka sina. Kama kuna msomaji wa Uvira ao Bukavu anayejua wanaozipokea kwa utaratibu, aniandikie kupitia redio.

Jenereta tumeijengea kibanda chake chini ya mti wa avoka, hatua kumi na tano kutoka kwenye nyumba, bati juu, pande zote wazi, na mnyororo mnene kwenye mti kwa ajili ya wezi. Mvua ikija kwa upepo tunaizima, habari itachelewa. Nimewaambia wakubwa wangu wa redio hivyo, na wamekubali, mmoja kwa kunung'unika. Tangu Januari tumeiwasha mara nne.

Mdogo wangu yuko darasa la mwisho mwaka huu. Fundi alimwachia testeri ya zamani, na kila asubuhi kabla ya shule, kabla jua halijagusa pano, anapima betri na kuandika kwenye daftari lile lile. Leo ameandika 12,5.